Joto Salama kwa Kichanga Wakati wa Kipupwe

Barabara itokayo bonde la Mto Sigi kupanda Amani huliacha joto la chini na kuingia kwenye ukungu wa misitu na mashamba ya chai. Upande wa Lushoto, ambako milima ni mirefu zaidi, baridi ya kipupwe kati ya Juni na Agosti huwa kali. Nyumba yenye mama aliyejifungua hutafuta namna ya kupata joto, na njia iliyo karibu ni jiko la mkaa. Huingizwa chumbani, madirisha hufungwa, watu wakalala. Nia ni njema, lakini njia hiyo hupoteza nishati, tena yaweza kuua.

Hewa iliyopashwa moto hupanda juu na kutokea kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, na bati nalo hupoa upesi. Hivyo sehemu kubwa ya mkaa hupasha paa badala ya mtoto. Wahandisi wa viwanja vya michezo katika nchi za baridi wanalijua tatizo hilo kwa ukubwa zaidi, kwani jukwaa lililo wazi halijazwi hewa ya moto. Baadhi yao hufunga vipasha joto vinavyoelekeza miale kwa watazamaji wenyewe. Kanuni yao inafaa hata chumbani: apashwe joto mtu, kisha joto lake lizuiwe lisipotee.

Kwa mkaa, kanuni hiyo haitimiziki kwa usalama. Anayeziba upenyo ili kuokoa joto hukusanya sumu. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kutokuwepo kwa moshi si dalili ya usalama. Wajawazito na watoto wamo hatarini zaidi.

Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea na kuchanganyikiwa. Dalili hizo hufanana na za malaria. Mhudumu wa afya ashuku sumu hiyo hasa pale watu kadhaa wa nyumba moja wanapougua kwa pamoja bila homa, baada ya kulala na jiko. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kisimtulize, kwa kuwa huweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali mwili unakosa oksijeni. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi na apewe oksijeni ya kiwango cha juu mara moja. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa kadhaa kupungua kwa nusu katika damu. Kwa oksijeni safi muda huo hufupika sana.

Kichanga, ambaye joto lake lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, hupoteza joto kwa unyevu wa ngozi, kwa kugusa kitu cha baridi na kwa upepo. Kwa hiyo akaushwe mara anapozaliwa, avikwe kofia na soksi, na asiogeshwe kabla ya saa 24. Kisha alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa kwa khanga na blanketi. Njia hii, iitwayo ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto njiti na wenye uzito pungufu waanzishiwe mara tu baada ya kuzaliwa. Mama akichoka, baba au bibi aweza kumpokea.

Ikiwa hakuna budi kuota moto, uotwe nje au jikoni penye hewa ya kutosha, na jiko lisiingizwe kamwe chumba cha kulala, hata makaa yakionekana kufifia. Kichanga aliyepoa miguu na tumbo, anayenyonya kwa udhaifu au aliyelegea, afikishwe haraka katika kituo cha afya, naye abebwe njiani akiwa kifuani mwa mzazi.