Watazamaji wa Magari ya Moshi

Gari la moshi lipitapo, watoto hukimbia kulitazama, na watu wazima huinua macho kidogo, kisha huendelea na kazi zao. Lakini wako watu wachache wasioridhika na kutazama namna hiyo. Hao huketi karibu na stesheni, nao wana daftari na kalamu. Injini ipitapo huandika namba yake, huhesabu mabehewa, na kusikiliza mlio; hata warudipo nyumbani wamejua mambo mengi ambayo watu waliosimama karibu nao hawakuyaona. Hawalipwi kitu kwa kazi hiyo. Huifanya kwa kuipenda tu, kama wengine wapendavyo kucheza bao.

Desturi hii ilienea sana Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kijana mmoja, jina lake Ian Allan, alikuwa karani katika ofisi ya reli mjini London. Barua nyingi zilikuja za watu wakiuliza habari za injini, naye akachoka kujibu maswali yale yale. Basi mwaka 1942 akapiga chapa kitabu kidogo chenye orodha ya injini na namba zao. Kikanunuliwa upesi, na vingine vikafuata, hata vijana wengi wakawa wakisimama katika stesheni wakitia alama kila injini waliyoiona.

Katika Afrika ya Mashariki nako yako mengi ya kutazamwa. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwa Victoria, mahali paitwapo leo Kisumu. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma ni mita 1 tu. Reli nyingine iliyo pana zaidi ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, lakini ile nyembamba ndiyo yenye habari nyingi za kale.

Mtazamaji mwenye akili halidharau gari la mizigo. Gari la abiria huonyesha watu waendako. Gari la mizigo huonyesha nchi inavyoishi. Matangi marefu ya mviringo yapandayo kutoka pwani huchukua mafuta. Mabehewa yenye vumbi jeupe yapitayo Konza hayakuchukua unga, bali yametoka ziwa Magadi, nayo yamepakia magadi, ambayo hutumiwa viwandani kutengenezea kioo. Hata behewa lililofungwa laweza kusema. Lenye mzigo hukandamiza springi zake, likapita kwa mlio mzito. Lililo tupu hurukaruka na kugongagonga, kwa maana debe tupu haliachi kuvuma.

Baada ya mabehewa, injini. Injini za mvuke hutambulikana kwa magurudumu yake. Mtazamaji huhesabu kwanza magurudumu madogo ya mbele, kisha makubwa ya katikati, ambayo ndiyo yavutayo, kisha madogo ya nyuma. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, iko injini namba 3020 iitwayo Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Upande mmoja ina gurudumu 1 dogo mbele, makubwa 4 katikati, na madogo 2 nyuma. Ukihesabu pande zote mbili ni 2, 8 na 4. Basi huandikwa 2-8-4. Kwa tarakimu hizo tatu tu, mtu aliye mbali apata kujua injini hiyo ni ya namna gani.

Mlio nao una maana yake. Moto wa tanuru huchemsha maji, na mvuke huingia katika silinda ukaisukuma pistoni. Pistoni husukuma fimbo, na fimbo huzungusha magurudumu. Mvuke ukiisha kufanya kazi hutoka kwa nguvu katika dohani, na kila utokapo husikika kishindo. Injini yenye silinda mbili hutoa vishindo vinne kila magurudumu makubwa yazungukapo mara moja. Kwa hiyo mtu aliyezoea, hata akiwa amelala kitandani usiku, hujua kama gari limeanza kupanda mlima, kwa maana vishindo huachana, kila kimoja kikawa kizito kuliko cha kwanza.

Lakini injini zilizostaajabisha watu kuliko zote ni zile ziitwazo Garratt. Reli itokayo Mombasa huanza karibu na usawa wa bahari, nayo ifikapo Nairobi imepanda mita 1,600 na zaidi. Njia ina kona nyingi, na vyuma vyake vya zamani havikuweza kubeba uzito mkubwa uliokusanyika mahali pamoja. Ikiwa injini ni ndogo, hushindwa na mzigo. Ikiwa ni kubwa kwa namna ya kawaida, huiharibu njia. Fundi Mwingereza, Herbert William Garratt, ndiye aliyebuni dawa ya shida hii. Alilitundika boila katikati ya jozi mbili za mitambo, moja mbele na moja nyuma, kila moja ina magurudumu yake na silinda zake. Hivyo uzito hugawanyika juu ya magurudumu mengi, na injini hupinda katika kona kama nyoka. Injini za kwanza za namna hiyo zilitengenezwa mwaka 1909 kwa kisiwa cha Tasmania.

Garratt kubwa kuliko zote za Afrika ya Mashariki ziliitwa daraja la 59. Zilikuwa 34, nazo zilitengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na magurudumu 28 na uzito wa tani 252. Ndovu dume mkubwa ana uzito wa tani 6 hivi. Basi injini moja ilikuwa na uzito wa ndovu 40 na zaidi. Iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda bara. Kila moja ilipewa jina la mlima: ya kwanza, namba 5901, iliitwa Mount Kenya.

Baadaye zikaja injini za dizeli. Hazihitaji kusimama njiani kunywa maji, wala hazikai saa nyingi zikingoja mvuke upate nguvu. Kwa sababu hiyo zilipendwa na wenye reli, na ilipofika mwaka 1980 kazi ya daraja la 59 ilikuwa imekwisha. Katika zile 34 zimehifadhiwa 2 tu, nazo zimo katika makumbusho yale yale ya Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Nyingine zilikatwa vipande. Chuma kilichopanda na ndovu 40 kikawa chuma chakavu.

Hapo ndipo faida ya daftari ionekanapo. Injini iliyokatwa hairudi. Bali mtu aliyeandika siku, saa, mahali, namba, hesabu ya mabehewa na njia lilikoelekea gari, amehifadhi sehemu ya habari zake. Mwanafunzi atakaye kuanza asingoje injini ya ajabu. Injini ya dizeli ipitayo leo, ambayo hakuna aishughulikiaye, itakuwa ya kale kwa wajukuu, nao watauliza ilikuwaje.

Tena na achague vema mahali pa kusimama. Asitembee juu ya mataruma, wala asikae ukingoni mwa njia. Na akiwa stesheni, aombe ruhusa kwanza kwa mkuu wake. Gari zito la mizigo, hata dereva akifunga breki kwa nguvu zake zote, huenda mbali sana kabla ya kusimama. Palipo na kilima kidogo mbali na reli, hapo pafaa: mtu huona gari zima, tangu injini hata behewa la mwisho, naye hupata nafasi ya kuandika bila haraka. Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Injini 32 za daraja la 59 zilikuwa mali, nazo zimepotea. Habari zake zimebaki kwa sababu wako walioandika.