Bodi Mpya, Seva Ileile

Mvua zinapoanza Likasi, mwezi wa Novemba hivi, huja pamoja na radi. Ikipiga kwenye nyaya za umeme inaweza kuunguza bodi kuu ya seva, huku diski zikibaki nzima na data yote imo. Bodi ya akiba hutafutwa Lubumbashi, kilomita zipatazo 120, au mbali zaidi. Ikipatikana, fundi huhamisha prosesa, kumbukumbu na diski, na mashine inawaka. Lakini mtandao mzima unaiona kama mgeni.

Utambulisho wa seva hauko kwenye diski. Umo kwenye chipu zilizolehemewa kwenye bodi: namba ya mashine, UUID yenye biti 128, na anwani ya MAC ya kila mlango wa mtandao. Programu ya uhasibu iliyofunga leseni yake kwa UUID itagoma kufunguka. Ruta iliyoitengea seva anwani kwa MAC ya zamani itaipa nyingine, na kompyuta za wafanyakazi hazitaiona.

Ninachokiogopa zaidi ni diski zilizofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows. Chipu ya TPM inayozifungua imeondoka na bodi iliyoungua. Kama hakuna aliyehifadhi namba ya urejeshaji, yenye tarakimu 48, data iliyoponea radi haisomeki tena, na hapo hata fundi hodari hana la kufanya.

Sun Microsystems ililipatia tatizo hili jibu zuri mno: seva kama Sun Fire V240 ziliweka utambulisho kwenye kadi ndogo ya kuchomoa, nje ya bodi. Dell, tangu seva za PowerEdge za mwaka 2014, huweka nakala kwenye kumbukumbu iliyo mbali na bodi. Bodi mpya ikiwashwa mara ya kwanza, inauliza kama irejeshe. Kwenye ProLiant za HPE unabonyeza F9 na kuandika mwenyewe namba ya mashine na namba ya bidhaa kutoka kwenye lebo. Andika taratibu, sifuri na herufi O zisichanganyike.

MAC ni habari nyingine. Mlango wa mtandao uliolehemewa huondoka na bodi yake, bali kadi ya mtandao ya kuchomeka huhama na anwani zake. Kwa sababu hiyo napendelea seva zenye kadi ya kuchomeka, hata bei ikizidi kidogo.

Kwenye Linux, amri ya dmidecode huonyesha namba ya mashine na UUID. Iendeshe leo, seva ikiwa nzima, uchape majibu pamoja na anwani za MAC na namba ya BitLocker, na karatasi ikae kwenye kasiki. Bodi ikishabadilishwa, rekebisha saa ya bodi mpya kabla ya kuwaita watumiaji: kwenye mitandao ya Windows, saa ikipishana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida watu hukataliwa kuingia hata wakiandika nywila sahihi.