Kabla ya Rolls-Royce, kulikuwa na mtoto aliyekatishwa mafunzo kwa kukosa ada

WATOTO wa Chato, kama wenzao wengi nchini, huunda magari ya waya na vifuniko vya chupa, kisha huyasukuma barabarani hadi giza liingie. Wazazi wengi huona ni kupoteza muda. Lakini historia ya gari moja la kifahari la Uingereza inampa mzazi sababu ya kuutazama mchezo huo kwa jicho jingine.

Gari hilo ni Rolls-Royce Corniche, lile la paa la kukunja. Lilizinduliwa Machi 1971, wiki chache baada ya kampuni yake kufilisika kwa gharama za kuunda injini mpya ya ndege. Hata hivyo liliendelea kutengenezwa hadi 1995. Wakati viwanda vingine vikitoa magari kwa maelfu, bodi ya Corniche iliundwa kwa mkono na mafundi wa Mulliner Park Ward, jijini London.

Jina la Rolls-Royce si geni Tanzania. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, kisha na Mwalimu Julius Nyerere. Watoto wanaoiona huvutiwa na mng'ao wake. Ni wachache wanaosimuliwa habari za aliyeanzisha ufundi huo.

Henry Royce alizaliwa mwaka 1863 katika kijiji cha Alwalton. Alipofikisha miaka tisa, baba yake alifariki. Mtoto huyo aliuza magazeti na kusambaza telegramu ili apate chakula, na shuleni alikaa muda mfupi sana.

Baadaye ndugu mmoja wa ukoo alijitolea kumlipia pauni 20 kwa mwaka ajifunze ufundi katika karakana ya reli ya Peterborough. Baada ya miaka mitatu fedha ziliisha, mafunzo yakakatika. Royce akatafuta kazi, na jioni akahudhuria masomo ya umeme. Mwaka 1884 alifungua karakana ndogo mjini Manchester. Alinunua gari kuukuu la Kifaransa, hakuridhika nalo, akaunda lake. Mei 1904 alikutana na Charles Rolls, muuza magari, na majina yao mawili yakawa jina moja.

Mzazi asichukue simulizi hii kama ruhusa ya kumtoa mtoto shule akatafute riziki. Kazi nyingi na lishe duni tangu utotoni viliharibu afya ya Royce, na miaka mingi ya mwisho ya maisha yake aliishi akiuguzwa. Kilichomwinua ni ile miaka mitatu ya kufundishwa na masomo ya jioni.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, jambo hili si la kufikirika. Machimbo yako karibu na fedha yake huonekana haraka, lakini mashimo huporomoka na zebaki hudhuru mwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari, uchimbaji wa madini ukiwemo.

Kwa kijana aliyemaliza shule na mwenye mkono wa ufundi, Chato kuna chuo cha VETA. Mzazi akiamua kumpeleka gereji, aulize kwanza mambo matatu: Je, fundi atamfundisha au atamtuma maji na chai tu? Atapata muda wa kusoma? Nani atagharamia matibabu akiumia?

Na kwa yule mdogo anayesukuma gari la waya, si lazima mzazi atoe fedha. Amwulize tu usukani wake unavyofanya kazi, kisha asubiri aeleze.