UKIOMBWA KUSHIRIKI KATIKA UTAFITI WA TIBA: FAHAMU KABLA HUJAWEKA KIDOLE GUMBA



Tuseme umefanya kazi miezi kadhaa kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira, wilayani Busia. Mgongo unauma kwa kuinama na kubeba mawe. Kikohozi nacho kimepita wiki mbili. Unafika kituo cha afya, na baada ya vipimo mtu mwenye koti jeupe anakuambia: "Tunafanya utafiti wa tiba ya sindano za Kichina. Ungependa kushiriki?" Anakupa karatasi na kidau cha wino.

Utajibu nini? Toleo hili linakueleza mambo ya kujua kabla ya kusema ndiyo au hapana.

UTAFITI WA TIBA NI NINI?

Ukienda hospitali kutibiwa, daktari anakupa dawa ambayo tayari inajulikana kuwa inasaidia. Katika utafiti, lengo ni kupata jibu ambalo bado halijulikani: Je, tiba hii inafanya kazi? Je, ni salama? Huenda ukanufaika, na huenda usinufaike. Watakaonufaika zaidi ni wagonjwa watakaokuja baadaye.

Washiriki hugawanywa katika makundi. Kundi moja hupewa tiba mpya, na lingine hupewa tiba ya kawaida ili kulinganisha. Si wewe wala daktari anayechagua kundi lako. Mgawanyo hufanywa kwa bahati nasibu, kama kupiga kura, ili makundi yafanane na pasiwe na upendeleo.

MFANO WA HAPA KWETU

Watu wa Tororo na Busia si wageni wa utafiti. Mwaka 2014, wanawake wajawazito 300 wa Tororo walijiunga na utafiti wa dawa za kuzuia malaria. Wengine walipewa dawa ya kawaida, ambayo wengi wetu tunaiita Fansidar. Wengine walipewa dawa mchanganyiko mpya. Baada ya kujifungua, kondo la nyuma lilichunguzwa. Kati ya waliotumia Fansidar, nusu walikutwa na dalili za malaria kwenye kondo. Kati ya waliopata dawa mpya kila mwezi, walikuwa takriban 27 katika kila 100.

Wengi wangesema, basi tuache Fansidar leo hii. Lakini utafiti uliendelea wilayani Busia, na wanawake wengi zaidi walishiriki. Ilionekana kuwa dawa mpya inazuia malaria zaidi, lakini watoto hawakuzaliwa na uzito mzuri zaidi kuliko wale ambao mama zao walitumia Fansidar. Bila akina mama hao, tungebadilisha dawa kwa kubahatisha.

SINDANO ZA KICHINA NA MOKSA

Akupancha ni tiba ya asili ya China. Mtabibu huchoma sindano nyembamba sana kwenye sehemu maalumu za mwili. Sindano hizo hazina dawa ndani. Ndugu yake ni moksa: majani makavu ya mmea hufinyangwa vipande vidogo na kuchomwa juu ya ngozi ili kutoa joto.

Nchini Uganda moksa imewahi kufanyiwa utafiti. Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na shirika la Uingereza liitwalo Moxafrica waliijaribu jijini Kampala kwa wagonjwa 180 wa kifua kikuu. Angalia vizuri jinsi ilivyofanyika: wagonjwa wote walipewa dawa za kawaida za kifua kikuu. Kundi moja liliongezewa moksa. Hakuna aliyenyimwa dawa ili moksa ijaribiwe peke yake.

Hili ni muhimu kwa mtu wa machimbo. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kuyafanya yashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Tiba ya kifua kikuu ni dawa, kwa kawaida miezi 6 bila kukatiza, na hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtu akikuambia uache dawa hizo ili ajaribu sindano au moksa, usikubali. Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, nawe ukawaambukiza wanao.

KWA NINI WENGINE HUPEWA SINDANO ZA BANDIA?

Mgonjwa akihudumiwa kwa upole na akiamini tiba, mara nyingi maumivu hupungua, hata kama tiba yenyewe haina nguvu. Kwa hiyo watafiti huweka kundi linalochomwa juu juu tu, mahali pasipo pa tiba.

Nchini Ujerumani, matokeo ya utafiti kama huo kwa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo yalitolewa mwaka 2007. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa hivi:

- Sindano za kweli: kama 48 katika kila 100
- Sindano za bandia: kama 44 katika kila 100
- Tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi: kama 27 katika kila 100

Maana yake ni kwamba makundi yote mawili ya sindano yalipata nafuu kuliko tiba ya kawaida, lakini kuchoma mahali maalumu hakukuleta tofauti kubwa. Ukisikia mtu anatangaza kuwa sindano hizi zinaponya kila kitu, kumbuka hesabu hii.

Kutumia sindano za bandia si udanganyifu, mradi uwe umeambiwa mapema kwamba unaweza kuwekwa katika kundi hilo.

MASWALI YA KUULIZA

1. Utafiti huu umeidhinishwa na nani? Nchini Uganda, ni lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili ya utafiti na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Omba kuonyeshwa barua.
2. Nitaendelea kupata dawa zangu za kawaida?
3. Ni madhara gani yanaweza kunipata, na nikidhurika nani atanitibu?
4. Nitatakiwa kuja mara ngapi, na kwa muda gani?
5. Nani ataona majibu yangu ya vipimo?
6. Nikiwa na tatizo usiku, nimpigie nani?

Karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa, iwe Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola, Kiswahili au nyingine. Kama hujui kusoma, awepo shahidi asiye mmoja wa watafiti. Nakala moja ni yako. Unaweza kwenda nayo nyumbani ukashauriane na familia kabla ya kuamua.

USALAMA WA SINDANO

Kila sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja na kutupwa kwenye sanduku la usalama. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mtabibu aoshe mikono. Moksa inaweza kuunguza, kwa hiyo sema mara moja ukisikia moto mkali. Mweleze mtabibu kama una mimba, kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukichomwa kifuani kisha ukashindwa kupumua vizuri, nenda hospitali haraka.

KWAKO WEWE MKIMBIZI

Wengine hukubali kwa hofu. Wanadhani wakikataa, kadi ya chakula itafutwa, au jina litaondolewa kwenye orodha ya kuhamia nchi ya tatu. Si kweli. Utafiti hauna uhusiano na mgao wako, makazi yako wala kesi yako ya ukimbizi. Mtu yeyote anayekutisha au kukuahidi hayo anavunja sheria za utafiti. Mripoti kwa kamati ya maadili iliyoandikwa kwenye karatasi, au kwa ofisi ya ulinzi ya kambi.

Pia waeleze watafiti kama unaweza kuhamishwa. Mwaka 2008, ndugu zetu waliokimbia vurugu za Kenya walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye mwaka huo huo wakahamishiwa Kiryandongo. Mtu aliye kwenye matibabu ya miezi 6 akihama, ni lazima aondoke na kadi yake ya matibabu ili aendelee kupata dawa huko aendako.

KUMBUKA

- Kushiriki ni hiari. Unaweza kukataa.
- Unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na bado utatibiwa kama kawaida.
- Kurudishiwa nauli ni sawa. Kuahidiwa pesa nyingi ili ufumbe macho si sawa.
- Usiache dawa za kifua kikuu, UKIMWI wala malaria kwa ajili ya tiba inayojaribiwa.
- Kuuliza si ujinga. Mtafiti mwema hufurahi ukimwuliza.

Ukikubali, kubali ukiwa umeelewa. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu. Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa eneo lako, na umwonyeshe karatasi uliyopewa kabla ya kuweka kidole gumba.