"Dawa Zimeisha!" Kwa Nini?

Umekaa kwenye foleni ya zahanati tangu asubuhi. Kichwa kinagonga, umepimwa, malaria ipo. Halafu unaambiwa, "Dawa zimeisha, kanunue dukani." Miezi michache baadaye unasikia zahanati ile ile ina maboksi ya dawa zilizopitwa na muda. Utasema ni wizi tu! Wizi upo, hatukatai. Lakini hata bila mwizi mambo haya hutokea.

Tuchukue mfano. Zahanati inatumia dozi 40 kwa mwezi. Mvua zikaja, zikatumika 60. Muuguzi anaogopa kuishiwa, anaagiza 100. Wilayani wakiona oda imepanda ghafla, nao wanaongeza za akiba: 150. Ukiwa bohari kuu utadhani malaria imepanda karibu mara nne, kumbe wagonjwa wameongezeka 20 tu! Dozi zinafika mvua zimekwisha. Zinajaa stoo, muuguzi haagizi tena, na huko juu wanadhani malaria imekwisha. Mvua nyingine zikija, rafu tupu.

Kuna baya zaidi. Ukiomba 100 ukapewa 50, safari ijayo utaomba 200 ili upate 100. Na jirani yako hivyo hivyo. Si unajua bwenini? Ukivuma uvumi kwamba maji yatakatika, kila mtu anajaza ndoo tatu, na maji yanakatika kweli.

Sasa tufanyeje? Anayepeleka dawa aone zilizotumika na zilizobaki, sio oda peke yake. Kati ya 2009 na 2010 lilifanyika jaribio Tanzania, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo 129 viliulizwa kila wiki kwa ujumbe wa simu: dawa za malaria zimebaki ngapi? Wiki ya kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Ofisa wa wilaya aliweza kuona nani ana ziada na nani hana kitu, bila kusubiri ripoti ya karatasi.

Na wewe umo. Ukidanganya una homa ili upewe dawa za kuficha kwenye sanduku, daftari linaandika mgonjwa ambaye hayupo. Oda ya mwezi ujao inaanzia kwenye daftari hilo.