Nani anamfundisha mwanao kusali?

Ndugu zangu, juma hili ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunadhani limekwisha kufanyika, kumbe bado. Nalo ni wajibu wa wazazi Wakristo kuwafundisha watoto wao imani nyumbani. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana si vema kuwanyooshea wengine kidole huku mimi nimejificha.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, wakati Serikali ilipokuwa ikihamisha wizara zake kutoka Dar es Salaam. Tukapanga nyumba Nkuhungu. Mimi na mama watoto tulikuwa tukitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na mtoto tukimwacha na dada wa kazi, binti aliyetoka vijiji vya upande wa Mvumi. Jioni moja mwaka 2021 mchungaji alitutembelea. Baada ya chai akamwomba kijana wangu, aliyekuwa na miaka minane, atuongoze kwa sala. Mtoto akafumba macho akasali kwa utulivu, tena kwa Kigogo, akimwita Mulungu kama anavyoitwa mtu anayefahamika. Mimi si Mgogo. Sikujua sala imefika wapi mpaka niliposikia wenzangu wakisema Amina.

Mchungaji, ambaye ni mwenyeji wa huku, akanishika mkono akasema, "Hongera baba, umemlea vizuri." Nami nikaipokea ile hongera. Aliyestahili kupewa alikuwa jikoni akiosha vikombe, na mlango ulikuwa wazi.

Tangu siku ile nimejiuliza: ilikuwaje mimi, niliyebatizwa nikiwa mchanga, nikaiacha kazi hii mikononi mwa binti ninayemlipa kwa kufua na kupika? Jibu ni kwamba tumezoea kuwa na mtu wa kutufanyia. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Baadaye Wakatoliki wakajenga Bihawana. Kila palipokuwa na kanisa palikuwa na shule, na mwalimu wa hesabu mara nyingi ndiye aliyekuwa mwalimu wa dini. Mzazi alimpeleka mtoto asubuhi, akaenda shambani moyo umetulia.

Kisha mambo yakabadilika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule nyingi za madhehebu kuwa mali ya umma. Kipindi cha dini kilibaki kwenye ratiba, lakini kikategemea mchungaji, padri au katekista anayefika kwa baiskeli, akipata nafasi. Aidha, Katiba yetu inasema wazi kuwa uendeshaji wa mambo ya dini si kazi ya mamlaka ya nchi. Hilo ni jema, maana linawalinda Wakristo, Waislamu na wengine wote. Lakini maana yake ni kwamba tusiidai Serikali kazi ambayo si yake. Kazi hiyo imerudi nyumbani, ilikokuwa tangu mwanzo.

Nasema tangu mwanzo kwa sababu madhehebu yetu, ambayo hutofautiana kwa mengi, katika hili yana kauli moja. Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, aliiandika ili baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani. Nasi Waanglikana, mtoto anapobatizwa, wazazi na wazazi wa ubatizo hutoa ahadi mbele ya watu wote. Na Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu imani yake, hamtaji mwalimu wa shule. Anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Wengine watasema: tuna shule ya Jumapili. Haya, tupige hesabu. Shule ya Jumapili ya saa moja, hata mtoto asipokosa juma hata moja, ni saa 52 kwa mwaka. Dakika kumi kila usiku kabla ya kulala ni zaidi ya saa 60. Mzazi mwenye dakika kumi tu amekwisha kumpita mwalimu wa Jumapili. Sisemi shule ya Jumapili haina kazi. Nasema inajenga juu ya msingi, na msingi haujengwi na mgeni.

Sasa, mtu atauliza, nifundishe nini, nami sikusoma teolojia? Nijuavyo mimi, yako mambo matatu.

La kwanza ni maneno yenyewe: Sala ya Bwana, Amri Kumi, Imani ya Mitume, hadithi za Biblia. Haya hayahitaji usomi. Wazee wa Kigogo waliwafundisha watoto wao mila, methali na nyimbo jioni, kando ya moto, bila daftari. Mtoto hushika linalorudiwa.

La pili ni maswali. Hapa kwetu uwanda wa kati mvua hutegemewa kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili au karibu na hapo. Mwaka mvua inapokatika Januari na uwele kunyauka, makanisa hujaa watu wanaoomba. Mwanangu aliniuliza, "Baba, tuliomba, mbona haikunyesha?" Nilikuwa karibu kumwambia anyamaze ale ugali wake. Lakini mtoto anayenyamazishwa haachi kuuliza. Huenda kumuuliza mwingine. Nilimwambia kweli, kwamba hata mimi sijui kwa nini, na kwamba sala si amri tunayompa Mungu. Nikamwambia pia kuwa anayeomba mvua huweka akiba ya chakula na kumgawia jirani aliyepungukiwa. Sikumaliza swali lake, ila alijua kwamba kwa baba linaweza kuulizwa.

La tatu, na ndilo zito, ni mwenendo. Mwenye duka akija kudai deni, nawe ukamtuma mtoto mlangoni aseme "baba hayupo", umefundisha somo ambalo katekista hatalifuta kwa mwaka mzima. Mtoto akikuona umemkosea mama yake kisha ukaomba radhi, ameelewa toba kuliko kwa mahubiri kumi.

Tunayo methali isemayo, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi akina baba tumejificha nyuma ya methali hiyo miaka mingi, kana kwamba imetuondolea wajibu. Na siku hizi ulimwengu hauhitaji kumngoja mtoto akue atoke nyumbani. Umo ndani ya simu mliyompa ili anyamaze. Tena usidhani ukimpeleka shule ya bweni ya kanisa umemaliza. Umelipa ada tu.

Najua ugumu uliopo. Anayeuza nyanya Sabasaba tangu alfajiri, au anayetoka Mtumba jioni amechoka, hana nguvu za ibada ndefu. Nami sisemi iwe ndefu. Chagueni wakati mmoja usiobadilika, kabla ya chakula au kabla ya kulala. Zimeni redio, ndiyo, hata hii yenu. Someni mistari michache, ulizaneni, salini, basi.

Kwetu tulianza juma lile lile. Kwanza nilimwomba radhi yule dada mbele ya mtoto, nikamweleza mchungaji ukweli Jumapili iliyofuata. Kisha tukamwambia dada kuwa hatakula tena jikoni, atakula mezani pamoja nasi. Haikuwezekana kusali pamoja kisha tukagawana vyumba wakati wa ugali. Usiku wa kwanza niliongoza mimi, nikababaika katikati ya Sala ya Bwana. Mwanangu akanikumbusha neno lililofuata, nikaendelea.

Mpaka juma lijalo, nawatakia heri na amani katika nyumba zenu.