Megabiti na Megabaiti: Kwa Nini Faili Halimaliziki kwa Muda Uliotarajia



Wengi wenu, hasa vijana wanaosoma kwa njia ya masafa, mmetuuliza swali hili: tangazo la mtandao linasema kasi ni 4, na faili la somo lina ukubwa wa 600. Kwa nini basi halimaliziki kwa dakika mbili na nusu? Wengine wanadhani wanaibiwa. Wengine wamelipia robo saa katika chumba cha kompyuta, muda ukaisha faili likiwa bado njiani. Fedha imekwenda na somo halikupatikana. Tumeona tueleze hesabu yake.

Hizo namba mbili hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Ni kama mtu anayenunua maharage kwa kilo na kuyauza kwa kopo. Asipojua makopo mangapi yanafanya kilo, hesabu yake haitakaa sawa.

Biti ni alama ndogo kuliko zote katika kompyuta, yaani sifuri au moja. Baiti ni kundi la biti 8. Watu wa simu tangu zamani huhesabu biti, kwa sababu kazi yao ni kupitisha alama hizo zikifuatana. Watu wa diski na flashi huhesabu baiti, kwa sababu herufi moja ya kawaida, kama A, hutunzwa katika baiti moja. Kila upande una desturi yake. Katika maandishi, tofauti huonekana kwenye herufi moja tu: Mb yenye b ndogo ni megabiti, MB yenye B kubwa ni megabaiti. Itazameni sana herufi hiyo kabla ya kutoa fedha, maana hata wenye matangazo mara nyingine huiandika ovyo.

Basi, kutoka megabiti kwenda megabaiti, gawa kwa 8. Mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde unaleta nusu ya megabaiti kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 litahitaji sekunde 1,200, yaani dakika 20. Mwenye robo saa hawezi kulimaliza hata mtandao ukiwa mzuri kabisa.

Na mtandao hauwi mzuri kabisa. Kila kipande cha faili husafiri kikiwa na anwani yake, kama barua ndani ya bahasha, na bahasha nazo zina uzito. Vipande vinavyopotea njiani hutumwa tena. Kwa hiyo sisi hupenda kugawa kwa 10 badala ya 8. Hesabu huwa rahisi kichwani, nayo huwa karibu zaidi na ukweli. Kwa njia hiyo faili letu linahitaji kama dakika 25.

Jambo kubwa zaidi ni kushirikiana. Kasi inayotangazwa mara nyingi ni ya laini nzima. Kompyuta 10 zikitumia kwa pamoja laini ya megabiti 20, kila moja hupata kama megabiti 2. Faili lile lile sasa linataka dakika 50. Mkifika wachache, au mkikubaliana kwamba mmoja apakue somo na wengine walinakili kwa flashi, mtaokoa muda mwingi kuliko kila mtu kulipakua peke yake.

Hesabu hii si ngeni kwa watu wa simu. Katika simu za kidijiti, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hiyo ni biti 64,000 kwa sekunde kwa mazungumzo ya mtu mmoja. Njia 32 za namna hiyo zikiunganishwa hufanya laini iitwayo E1, yenye biti 2,048,000 kwa sekunde. Jina lake la megabiti 2 lilisikika kubwa, na ofisi nyingi ziliitegemea kwa miaka. Ukiigawa kwa 8 unapata baiti 256,000 tu kwa sekunde, kama robo ya megabaiti.

Sasa flashi. Wauzaji huwaonyesha wanunuzi namba 480 iliyoandikwa kwenye karatasi ya flashi ya aina ya USB 2.0. Hiyo pia ni megabiti, ni sawa na megabaiti 60 kwa sekunde, nayo ni kasi ya mlango, si ya flashi yenyewe. Tuseme flashi ya bei rahisi inaandika megabaiti 6 kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 litanakiliwa kwa sekunde 100. Mtandao ndio unaochelewesha, kwa hiyo kununua flashi ya bei kubwa hakutaharakisha kupakua. Lakini msiichomoe flashi kabla kompyuta haijaruhusu. Somo la dakika 25 huharibika kwa sekunde moja.

Wanaojifunza kutengeneza kompyuta wajue pia kwamba waya wa diski wa SATA wa gigabiti 6 hautoi megabaiti 750 kwa sekunde. Kila biti 8 za data hubebwa ndani ya biti 10, hivyo mwisho wake ni megabaiti 600.

Flashi ya gigabaiti 16 ikionyesha 14.9 kwenye kompyuta, hamjaibiwa. Mtengenezaji amehesabu kwa elfu, na kompyuta imehesabu kwa 1,024.

Mwisho, kutuma. Kasi ya kutuma mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua, na matangazo huitaja kwa nadra. Ulizeni. Mwanafunzi mwenye picha za kazi yake za megabaiti 90, kwenye njia ya kutuma ya megabiti 1, atagawa kwa 10 na kupata sehemu moja ya kumi ya megabaiti kwa sekunde. Hizo ni sekunde 900, yaani dakika 15. Kama chuo kinafunga kupokea saa 6 kamili usiku naye ameanza saa 5 na dakika 50, kazi yake haitafika. Apunguze kwanza ukubwa wa picha, au aanze mchana.